Kiapo cha Issa na Mkuu wa Wagothi

Jumatatu, 4 Mei

Nimesahihisha makaratasi yote ya mtihani kabla ya chai. Chai bila sukari. Wanafunzi bado wanaandika kwamba Roma ilianzishwa na Warumi, kana kwamba hiyo ni habari.

Wiki ya kumi na moja ziwa limefungwa hapa Rumonge. Askari hawataki mashua majini kwa sababu waasi huvuka nazo. Waasi nao hupiga risasi mashua yoyote wanayodhani ni ya askari. Hakuna samaki, si ndagala wala mukeke. Sokoni kuna mihogo, mawese na umbea. Leo msichana mmoja ameanguka darasani kwa njaa, nami nilikuwa nimeanza kumgombeza kwamba analala.

Somo jipya: Wagothi. Kitabu ni kimoja tu, kile kinene walichotuachia masista, jalada halipo. Ninasoma kwa Kifaransa, ninaandika ubaoni, na nikiona macho yamelala ninaeleza kwa Kiswahili. Leo ilikuwa zamu ya Atanariki, mkuu wa Wagothi wale ambao baadaye waliitwa Wavisigothi. Hakupenda kuitwa mfalme. Alitaka aitwe mwamuzi, kwa kuwa mfalme ana nguvu lakini mwamuzi ana hekima. Goreti wa dawati la mbele akasema basi alikuwa mushingantahe, mzee wa kuamua kesi. Nikamwambia ndiyo, karibu hivyo. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Jumanne, 5 Mei

Tumeendelea. Miaka mitatu Atanariki alipigana na Valensi, mfalme wa Roma upande wa mashariki. Hakuna aliyeshinda. Roma ikafunga biashara mtoni na Wagothi wakaanza kukosa vitu. Wote wawili wakachoka. Lakini Atanariki alikuwa amemwapia baba yake kwamba hatakanyaga ardhi ya Roma, na Valensi aliona aibu kumfuata kwake. Basi wakakutana katikati ya mto Danubi, kila mmoja ndani ya mashua yake, wakafanya amani juu ya maji.

Darasa zima likacheka. Mimi pia. Somo zuri. Sijapata somo zuri tangu mwaka jana.

Alhamisi, 7 Mei

Nimeitwa kambini. Nilikwenda kwa miguu, na mwavuli wangu.

Kumbe Goreti ni mpwa wa Komanda, mkuu wa askari wa hapa. Amekuwa akisimulia masomo yangu mezani. Komanda ni mtu wa milimani huko Bururi, mpole wa sauti, ana miezi minne tu hapa. Kanipa kiti. Kaniuliza kama habari ya zile mashua ni ya kweli au nimeibuni. Nikasema imo kitabuni. Akasema: “Mwalimu, najua Issa iko kaka yako. Sikukuita kwa mubaya.”

Nilidhani nimekufa. Miaka miwili nimejibu kila anayeuliza kwamba kaka yangu yuko Kigoma anauza vitenge. Miaka miwili. Na huyu alijua, ameketi tu, anakoroga chai yake.

Anataka kukutana na Issa. Anataka ziwa lifunguliwe. Anasema askari wake nao wanakula maharagwe tu, na watu wa mji wamekonda mpaka anaona haya kuwakagua barabarani. Sijui kama ninamwamini. Nimetoka kwa haraka, nikasahau mwavuli wangu kwake.

Jumamosi, 9 Mei

Nimemwambia Mama. Hakulia. Aliendelea kuchambua maharagwe, lakini aliyatupa mazuri na kuyaacha mabovu.

Niandike jambo lenyewe, maana sijawahi kuliandika. Baba alichukuliwa na askari akiwa anatawadha kwa adhuhuri. Walimrudisha siku ya tatu, mbavu zimevunjika. Hakuwa na kosa, alikuwa fundi wa kushona nyavu. Akaishi siku tisa. Siku ya nane alimshika Issa mkono akamwapisha kwa jina la Mungu: mguu wake usikanyage Rumonge maadamu askari ndio wanaoamuru hapa. Issa akaapa. Tulipomaliza kuzika akaondoka, na baada ya mwaka tukasikia kwamba ndiye anayeongoza waasi wa milima ya juu ya Minago.

Komanda huyu siye aliyempiga Baba. Yule alihamishwa. Lakini sare ni ile ile.

Mimi nilipomfundisha Atanariki sikumfikiria Issa hata kidogo. Naapa. Au labda nilimfikiria na sikutaka kujua.

Jumanne, 12 Mei

Mama Nyota, yule muuza mawese anayeshuka kila Jumatatu na madebe yake, alichukua barua yangu kwa Issa jana. Leo kashuka tena, siku ambayo si yake. Jibu limo ndani ya kizibo cha majani ya mgomba: Ijumaa asubuhi, majini, kila mtu kwenye mashua yake, na mwandishi awe Hadija.

Hadija ndimi. Mwandiko wa Issa haujabadilika, bado anaandika herufi kubwa pasipostahili. Nimeusoma mara nyingi mpaka karatasi imelainika.

Ijumaa, 15 Mei

Nimemwona.

Tuliondoka ufukweni jua likiwa limeshapanda, kwa apollo ya Mzee Bakari, mashua ile ya kuvulia ndagala, haijaingia majini tangu Februari. Komanda haogelei. Alishika ukingo kwa mikono miwili njia nzima, rangi imempotea. Mtu anayeamuru mji mzima. Nilimwonea huruma, kisha nikajikasirikia.

Issa alitokea upande wa kaskazini. Amekonda. Ana ndevu, zina mvi, naye hajafika arobaini. Hatukusalimiana. Mashua zilikaa hatua chache mbali, hakuna aliyetaka kugusa ya mwenzake. Makubaliano niliyoandika yakapitishwa juu ya bapa la kasia, yakaenda, yakarudi na sahihi. Yanasema hivi: wavuvi wasipigwe risasi na yeyote, mashua zishukie mahali pawili tu, Rumonge na Minago, kila upande uwe na mtu wake wa kuangalia. Nilishangaa. Waliyafikia bila kugombana. Watu wazima wenye akili. Kwa nini ilibidi tufe njaa wiki kumi na mbili?

Halafu Komanda akasema wakubwa wake Bujumbura hawataamini karatasi. Wanataka Issa aje Rumonge mwenyewe, mbele ya watu, mchana. Bila hivyo ziwa halifunguliwi.

Issa akasema: “Mimi nilimwapia baba. Dada yangu iko hapo, mumuulize.”

Wote wakaniangalia. Nikaangalia karatasi.

Jumatatu, 18 Mei

Habari imezagaa. Tangu asubuhi wanawake wa wavuvi wanakuja nyumbani. Hawasemi wamekuja kwa nini. Wanakaa ukumbini, wanamsalimia Mama, wanaondoka. Mke wa Bakari alikuja na mjukuu wake, miguu imevimba kwa kukosa chakula. Kamweka tu mbele yangu kwenye mkeka. Mwenye njaa hana miiko.

Nilikasirika. Nikawafukuza, kwa maneno mabaya. Kisha nikaenda kwa imamu.

Imamu akasema kiapo cha namna hii kina njia yake. Mtu akiapa, kisha akaona jambo jingine lina heri zaidi, anafanya lile la heri na anatoa kafara: kulisha maskini kumi. Asiyeweza anafunga siku tatu. Ni hivyo tu. Nilimuuliza mara mbili. Baba angejua haya, alisoma kuliko sisi wote.

Nimemwandikia Issa ukurasa mzima. Nimeandika vizuri. Niseme ukweli: nilijisikia mkubwa. Mji mzima unanisubiri mimi, mwalimu wa historia ambaye mshahara wake hauna hakika.

Jumatano, 20 Mei

Issa amekubali. Anasema nimpikie mimi hao maskini kumi.

Mchana nilifungua kitabu kuandaa somo la kesho. Sikuwa nimesoma zaidi ya zile mashua. Ukurasa unaofuata unasema hivi: baada ya miaka kumi na zaidi Atanariki alifukuzwa na watu wake mwenyewe. Akakiacha kiapo. Akaingia Konstantinopoli, mji wa mfalme wa Roma. Mfalme mpya, Teodosi, alitoka nje ya mji kumpokea, akampa heshima zote. Baada ya wiki mbili Atanariki akafa.

Nimekaa na kitabu mapajani sijui muda gani. Mama aliniita mara tatu.

Ni hadithi ya watu waliokufa zamani. Mimi si mtu wa ndege mbaya na mapaka meusi. Nimewacheka wengi kwa mambo hayo.

Alhamisi, 21 Mei

Sikufundisha Atanariki. Niliwapa ramani wachore.

Mama Nyota alipita mlangoni saa nne kuuliza kama kuna neno la mwisho kwa Issa. Nikasema hakuna.

Ijumaa, 22 Mei

Asubuhi nililisha watu kumi. Wali, maharagwe, mawese. Nilitaka wawe maskini kweli, na Rumonge ya leo kazi haikuwa kuwapata, kazi ilikuwa kuwazuia wengine. Walipomaliza kula nilisema moyoni: Baba, basi, imekwisha.

Baada ya sala ya Ijumaa alikuja. Watu walijaa ufukweni. Ngoma zilikuwepo, viti vya kuazima, kitambaa mezani. Mashua ilipogota, Issa alishuka akasimama, maji magotini. Akasimama hapo muda mrefu. Komanda akavua kofia yake, akaingia majini na viatu vyake, akampa mkono. Ndipo Issa akakanyaga mchanga. Vigelegele vilipanda mpaka nikaziba masikio. Mama hakupiga. Alimshika Issa uso tu, kama anatafuta jeraha.

Sasa niandike lile jambo. Lazima niliandike.

Kwetu mgeni hafunguliwi chupa nyuma ya pazia. Bia ya ndizi mwenyeji huionja kwanza. Chupa huletwa imefungwa, hufunguliwa mbele ya macho yako usije ukashuku sumu, hata nyumba maskini kabisa inajua hivyo. Wakubwa waliletewa pombe. Sisi Waislamu tukaletewa Fanta. Yangu ilifunguliwa mbele yangu, ya Mama pia, ya imamu pia. Ya Issa ilikuja wazi.

Niliiona. Issa aliiona. Akaniangalia mimi, si Komanda. Watu mia ngapi sijui wanatazama, ziwa linasubiri saini, wakubwa wa Bujumbura wamevaa suti. Kusema “leteni nyingine” ni kumwita mwenyeji mchawi mbele ya mji wake. Heri nusu shari kuliko shari kamili, nikajiambia. Nikatabasamu.

Akanywa.

Jumapili, 24 Mei

Yuko mzima. Amelala chumbani kwa Mama siku mbili, anaamka kula tu. Mimi ni mjinga. Nimejicheka peke yangu jikoni.

Amri imesomwa sokoni na misikitini na kanisani: mashua zitatoka mwezi ujao, mbalamwezi ikitoweka na giza likirudi. Wavuvi wanatengeneza taa zao za karabai. Bakari kaniletea mwavuli wangu kutoka kambini, eti Komanda kanisalimia sana.

Alhamisi, 28 Mei

Issa ana homa.

Ijumaa, 29 Mei

Hospitali. Wamempima damu. Malaria, tena kali. Mwuguzi anasema ndivyo inavyokuwa: mtu amekaa juu kwenye baridi miaka miwili, akishuka ziwani mbu wanamkuta mpya. Anasema kweli. Nimeiona karatasi ya vipimo kwa macho yangu.

Nikamuuliza kuhusu Fanta. Alinitazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali la aibu. Akasema: “Mwalimu, sumu haingoje siku sita.”

Nje ya mlango wa hospitali wanawake wanasema zipo za polepole. Wanasema kwa sauti, nisikie.

Jumamosi, 30 Mei

Macho yamekuwa ya njano. Ananijua, kisha hanijui. Alipotulia nilimwambia habari yote ya kitabu, ukurasa ule niliouficha. Sikuweza kukaa nayo. Nilidhani atanitukana. Aliuliza tu kama Wagothi walipata amani. Nikasema ndiyo, kwa muda. Akasema: “Basi vizuri.” Akataka maji.

Ninajichukia.

Jumatatu, 1 Juni

Issa amekufa. Saa tatu asubuhi. Mikono yangu inaandika, mimi sipo.

Jumanne, 2 Juni

Tumezika jana alasiri. Yaani wamezika. Sisi wanawake wa nyumba tulibaki mlangoni.

Komanda alikuja kwa miguu, bila silaha. Alimwomba imamu ruhusa atangulie mbele ya jeneza. Akatangulia. Nyuma yake wavuvi, askari bila bunduki, wanafunzi wangu wote. Msiba mkubwa kuliko wa hakimu yeyote wa hapa. Nilipoona kofia ile ikiwa mkononi mwake nilishika mwimo wa mlango. Kwa sababu nilikuwa nimesoma. Hata Teodosi alitembea mbele ya jeneza la Atanariki. Nilijua mstari unaofuata, na unaofuata pia: Wagothi waliokuja na mkuu wao, walipoona maziko yale, walikaa kwa Warumi.

Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu hakungoja. Alizaliwa mezani pale pale, chupa ilipotua.

Ijumaa, 5 Juni

Wenzake wameshuka leo. Walikuja mchana kwa barabara ya Minago, bunduki begani mdomo chini, wengine vijana niliowafundisha. Wakaziweka kwenye uwanja wa mpira. Mmoja aliniambia: “Tuliona vile walimuzika, Mwalimu. Mutu hazikwe vile na adui.”

Nikaenda zangu nyumbani.

Jumamosi, 6 Juni

Nilikwenda kambini. Sikuitwa. Nilimkuta Komanda anakula maharagwe. Nikamuuliza nimesimama: ile Fanta ya Issa nani aliifungua?

Kijiko kikabaki hewani. Nadhani hakuwa amewahi kuliwaza. Au ni mwigizaji kuliko wote niliowaona. Akasema waliohudumia walikuwa wageni, waliokuja na wale wa Bujumbura, hawajui desturi za watu, walifungua ovyo. Akasema hata yake ilikuja wazi.

“Na wewe ulikunywa?”

“Nilikunywa. Ungetaka nifanye nini, Mwalimu, mbele ya watu wote?”

Tukatazamana. Akaanza kulia, mtu mzima, na maharagwe mbele yake. Sikumbembeleza. Sikumlaani pia. Nilirudi nyumbani.

Sitajua. Hilo ndilo nililotoka nalo. Inawezekana ni mbu, na mimi ndiye niliyemshusha kwenye mbu. Inawezekana ni chupa, na mimi ndiye niliyetabasamu. Njia zote mbili zinapita kwangu.

Jumatano, 10 Juni

Nimemaliza somo la Atanariki. Nililisoma lote, wima, bila kukohoa. Hakuna mwanafunzi aliyeandika. Wote walikuwa mazikoni, hakuna asiyejua ninachosoma.

Goreti akanyoosha mkono, akauliza alikufa kwa nini. Nikasema kitabu hakisemi. Akaketi. Nikafuta ubao, ingawa kulikuwa bado nusu saa.

Jumatano, 24 Juni

Mashua zilitoka jana jioni, zote, na alfajiri zikarudi zimejaa. Ufukwe mzima umetandikwa ndagala, hakuna pa kukanyaga. Harufu imefika mpaka shuleni. Watoto hawakuja, sikuwaita.

Saa mbili mke wa Bakari alileta beseni la kwanza. Ni desturi, fungu la kwanza hupelekwa nyumba yenye msiba. Aliliweka kwenye mkeka ule ule. Mjukuu wake alikuwa mgongoni, anatafuna kitu.

Mama alizikaanga kwa mawese na chumvi, kama alivyozipenda Issa. Akaniwekea sahani. Nikasema siwezi. Nikasema zitanikaa kooni. Mama alikaa mbele yangu, akachukua moja kwa vidole, akaila yote na kichwa chake.

“Kula, mwanangu,” akasema. “Hizi ndizo alizofia.”

Nikala. Zilikuwa tamu. Mama akaniongezea.